Nyimbo zangu tatu za rap na kaseti moja iliyotoka kwenye kopo la biskuti

Wakuu, amani iwe nanyi.

Humu mimi ni msomaji tu wa siku nyingi, nachangia mara mojamoja kwenye nyuzi za mpira. Leo naandika uzi wangu mwenyewe, na kila nitakachosema kimetokea kweli. Sina ninachouza, sitafuti huruma, na jina langu la stejini siliweki hapa. Wenye umri wangu mliokulia Kinondoni na Temeke mtanitambua tu. Naomba mninyamazie.

Wiki mbili zimepita na bado nashtuka. Kuna saa nasimama katikati ya sebule, nimesahau nilikuwa nakwenda kuchukua nini.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati hamtanielewa.

Mimi ni mmoja wa wale vijana walioanza kuchana kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati watu walikuwa wanaamini rap bila Kiingereza ni kelele. Sikuwa staa mkubwa, tusidanganyane. Nilikuwa na nyimbo tatu zilizosikika, na nyingine kama kumi ambazo hata mwenyewe sizikumbuki.

Hivi karibuni vijana fulani wanaoandaa tamasha la wakongwe walinitafuta. Walitaka nichague nyimbo tatu na kila moja niitolee maelezo mafupi, ilitungwa vipi, ilirekodiwa wapi. Na kama ninayo rekodi ya kwanza kabisa, niilete waiweke kwenye spika kabla sijapanda.

Nikawaambia hiyo kazi rahisi. Nilivyokuwa najiamini, ungesema naijua historia yangu.

WIMBO WA KWANZA

Nyumbani kwetu Kinondoni tulikuwa watatu: mama, bibi mzaa baba, na mimi. Baba alikuwa Muscat, anaendesha lori la maji.

Mama alikuwa anasoma herufi za Kiarabu tu, zile za chuoni. Baba hata hizo hakuzimaliza, chuo alikitoroka mapema. Kwa hiyo barua kwetu hazikuwepo. Baba alikuwa anatuma kaseti.

Nyie wadogo humu mnaotumiana voice note kila dakika, hebu nisikilizeni kidogo. Mtu alikuwa anakaa mbele ya redio kaseti, anabonyeza, anaongea nusu saa nzima. Anaanza na salamu, mtu mmoja mmoja kwa jina lake, kuanzia mkubwa mpaka mdogo. Zikiisha salamu ndiyo zinakuja habari. Kaseti inakabidhiwa kwa msafiri yeyote anayekuja Dar, hata kama hamjuani naye sana.

Ikifika nyumbani haisikilizwi ovyo. Inawekwa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati mpaka Ijumaa. Wakishatoka watu msikitini, shangazi anakuja kutoka Kunduchi alikokuwa anauza samaki, mkeka unatandikwa, ndipo inachezwa. Bibi alikuwa anasema salamu zina majina ya watu, ukizisikiliza peke yako umewaibia wenzako.

Tukishasikiliza tunajibu. Tunachukua kaseti yoyote ya zamani humohumo kwenye kopo, tunarekodi juu ya maneno yaliyokwisha kusikilizwa, tunamtafuta msafiri wa kwenda. Kaseti zilikuwa zinazunguka hivyo miaka na miaka. Kwetu kurekodi juu ya sauti ya mtu halikuwa kosa, ilikuwa ndiyo utaratibu.

Sasa, Temeke kulikuwa na fundi redio mmoja, mtu wa Masasi, tumwite Fundi Lukasi. Bandani kwake alikuwa na deki mbili, maiki moja, na santuri chache za Kimarekani ambazo upande wa pili zina biti tupu bila maneno. Hiyo ndiyo ilikuwa studio yetu. Santuri inazunguka, wewe unachana, ukikosea mnaanza upya. Sharti lake lilikuwa moja, uje na kaseti yako.

Alhamisi moja mchana nimerudi nyumbani, mama yuko kazini, bibi amelala. Nikafungua kopo, nikachukua kaseti iliyokuwa juu. Ilikuwa safi kuliko zote. Nikaona imevunjwa vile vipande viwili vidogo vya plastiki vya mgongoni, ambavyo vikivunjwa kaseti haikubali kurekodiwa. Kila mtu alikuwa anajua dawa yake. Nikachana karatasi kwenye daftari langu la mashairi, nikaikunja, nikaziba matundu.

Kwenye kopo lile sikuwahi kukuta kaseti ya baba iliyovunjwa namna ile. Hilo nimelikumbuka juzi tu.

Nikaenda Temeke, nikarekodi siku ileile. Mnisamehe kwa mistari, nilikuwa na miaka kumi na saba:

Mie ndo mie, Kinondoni yote inanijua,
maiki nikiishika, hata spika inaugua.

Fundi alikuwa na desturi yake. Kaseti ya kwanza anabaki nayo yeye, wewe unapewa nakala, maana ile ya kwanza ikichezwachezwa ovyo inachoka. Nikachukua nakala zangu, nikakaa Temeke kwa rafiki yangu mpaka Jumapili kwa sababu kulikuwa na mashindano ya kuchana kwenye disko la mchana. Nilishika nafasi ya pili. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Nikamkuta mama amenuna na bibi amegeukia ukutani.

Nikaelezwa. Bibi alikuwa anadai kwamba Alhamisi asubuhi alikuja kijana mmoja na begi lake, anatoka uwanja wa ndege moja kwa moja. Akampa kaseti ya baba. Hata maji hakunywa, akasema ndugu zake wanamsubiri Kipawa na kesho yake anaondoka kwenda Tanga. Bibi akaiweka kaseti kwenye kopo kama kawaida na jioni akamwambia mama.

Ijumaa shangazi akaja, mkeka ukatandikwa, kopo likafunguliwa. Wakacheza kaseti moja baada ya nyingine. Zote za zamani.

Bibi akashikilia palepale kwamba mgeni alikuja. Wakamuuliza jina la kijana, hana. Wakauliza majirani, hakuna aliyemwona. Na bibi wakati ule alikuwa ameanza kuchanganya majina ya watu, mimi mwenyewe ananiita kwa jina la baba. Basi ikaamuliwa kwamba ameota.

Mimi nilicheka wakuu. Nilikaa pale mlangoni na nakala zangu mfukoni, nikacheka.

Najua kuna mtu atauliza hivi kweli hukuunganisha mambo? Nimejiuliza hilo kila siku kwa wiki mbili. Kaseti nilikuwa nachukua mara kwa mara kwenye kopo lile, na kichwani mwangu zote zilikuwa zimeshasikilizwa. Akili yangu ilikuwa kwenye nafasi ya pili. Au labda sikutaka kuunganisha. Mungu ndiye anajua, mimi sijui.

WIMBO WA PILI

Baada ya hapo baba akawa kimya.

Mama alirekodi kaseti tatu kwa nyakati tofauti, akazituma Muscat kulekule. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilirudi na msafiri aliyeondoka nayo, akasema amefika pale na kuambiwa mtu huyo amehama, hawajui amekwenda wapi.

Mtaani wakamaliza kesi mapema. Ameoa huko, ametusahau. Nami nikaamini, tena kwa nguvu, maana hasira inamfaa sana mtu anayetafuta mashairi. Nikaandika wimbo ambao ndio ulinipa jina:

Ulipanda ndege, ukatuachia harufu ya udi,
Ijumaa tunakusanyika, sauti yako hairudi.

Redio za watu binafsi zilikuwa ndiyo zimeanza, zinahitaji vitu vya Kiswahili. Wimbo ukachezwa mpaka ukachosha. Wanawake sokoni walikuwa wanamsimamisha mama kumpa pole. Vijana wasio na baba walikuwa wananishika mkono kwenye shoo, wengine wanalia.

Mama hakuniambia niache. Aliomba jambo moja tu, nisiupige ndani ya nyumba yake.

WIMBO WA TATU

Huu ni wa kuchekesha, na ndio unaonifanya nishindwe kula.

Nilimtungia bibi. Bibi anayepokea wageni wasiokuwepo.

Bibi kapokea mgeni, mgeni mwenyewe hayupo,
kamwandalia chai, kikombe kimebaki kilipo.

Ulipendwa kwenye harusi. Watoto waliuimba mitaani. Bibi alikuwa bado hai na aliusikia, redio ya jirani ilikuwa inapiga kwa sauti. Siku hiyo aliniita chumbani kwake. Nilidhani atanisifu, maana alikuwa anapenda utani.

Aliniambia, "Rama, mwanangu kanitumia kaseti. Mie sikuota."

Nikamwambia sawa bibi. Nikatoka. Alifariki miaka miwili baadaye, na kwenye matanga kuna watu waliutaja wimbo ule kwa kicheko, wakimkumbuka.

Baba naye alifariki hukohuko Oman, miaka kama tisa iliyopita. Mtu mmoja wa Sur, mji mwingine wa huko, alipata namba ya simu ya shangazi kwa kuzunguka kwa watu wengi, akatupa taarifa. Hakuwa ameoa mke mwingine. Sikulitilia maanani hilo, nikaona amejifia na ubishi wake.

Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, kamili. Baba hakuwahi kumpa talaka na yeye hakuwahi kuidai. Watu walisema anajisumbua bure kwa mwanaume aliyemtupa. Mmoja wa waliosema ni mimi.

KWA FUNDI

Sasa turudi kwenye tamasha.

Nikafunga safari kwenda Temeke kuitafuta rekodi ya kwanza. Fundi Lukasi yupo bado, palepale, siku hizi anabadilisha vioo vya simu. Nikampa shikamoo, akaitikia huku ananikodolea macho, kisha akanitaja kwa jina langu la stejini. Tulicheka sana.

Akatoa boksi la kaseti zake za kwanza, amezipanga kwa namba. Yangu akaipata haraka. Matundu ya mgongoni bado yana karatasi ya daftari langu, imebadilika rangi imekuwa ya chai.

Akaiweka kwenye redio. Nikajisikia nikiwa na miaka kumi na saba, sauti nyembamba, majigambo mengi. Fundi anapiga paja, mimi najifunika uso kwa aibu. Wimbo ukaisha.

Kwa kawaida ukiisha wimbo unabonyeza kuzima. Siku zote ndivyo alivyokuwa anafanya, anazima na kurudisha nyuma. Siku hiyo tulikuwa tunacheka na kukumbushana, hakuna aliyebonyeza. Mkanda ukaendelea. Mvumo kidogo, kukatika kidogo kama swichi, halafu mtu akaanza kuongea katikati ya sentensi.

Wakuu, niliijua sauti ya baba kabla sijaelewa neno hata moja.

Maneno yake nimeyaandika kama yalivyo, nimeyasikiliza mara nyingi mno:

"...kwa hiyo Mama Rama, sitaki unijibu kwa haraka. Kaa na mama, kaa na dada, mzungumze. Hapa Sur nimepata vyumba viwili, na tajiri kakubali kuwaandikia karatasi zenu nyote. Mama akikataa kusafiri, basi mie narudi, tubanane hukohuko. Lakini nataka nisikie kwa sauti yako mwenyewe."

Halafu akataja anuani mpya, taratibu, mara mbili. Akasema Muscat ameshaondoka, tusitume tena kule. Akasema kaseti hii ameivunja mgongo makusudi isije ikafutwa, maana ina anuani.

Akasema, "Rama mwambieni redio ya deki mbili nimeshamnunulia, ile ya kurekodia. Nasikia anapenda mambo hayo."

Na mwisho kabisa, "Nikiona kimya, nitajua nimekuchosha, Mama Rama. Sitakusumbua."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya banda la watu, mtu mzima mwenye wajukuu. Fundi alizima, akawasha, akazima tena, hajui afanye nini. Nilimuuliza kama alikuwa anajua. Akanijibu kwa upole tu.

"Kaseti zote mlizokuwa mnaniletea zilikuwa na watu ndani, mwanangu. Mie nilidhani mmeshawasikiliza."

Nilirudi Kibamba, ninakoishi na mama sasa, na ile kaseti kwenye mfuko wa shati pamoja na redio aliyoniazima. Siku tatu sikusema kitu. Nilikuwa namtazama mama anakula, anaswali, ananiuliza mbona umekonda ghafla, na mimi nasema joto. Nilifikiria kuichoma moto ile kaseti. Naliandika hilo hapa ili mnijue vizuri. Baba hayupo, bibi hayupo, anuani ile haina mtu. Nikikaa kimya, mama atakufa akimjua mumewe kwa ule wimbo wangu, na mimi nitabaki mtoto mwema. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Ijumaa nikamfuata shangazi Kunduchi. Kazeeka, anatembelea mkongojo. Sikumwambia kwa nini. Baada ya sala nikatandika mkeka sebuleni, nikaweka redio katikati. Mama aliuona mkeka na redio, akakaa bila kuuliza. Aliketi upande uleule aliokuwa anaketi zamani.

Kaseti nilikuwa nimeisogeza mpaka pale sauti ya baba inapoanza. Makelele yangu sikutaka wayasikie. Nikabonyeza.

Shangazi alianza kulia kabla ya anuani. Alikuwa anasema, "Mama alisema. Mama alituambia." Alirudia hivyo mpaka mkanda ukaisha.

Mama hakulia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu ya mkeka. Ilipokwisha akasema, "Ningekwenda."

Halafu akanyanyua uso akanitazama. Baba hakuwahi kuanza kaseti bila salamu, na salamu ya mama siku zote ilikuwa na maneno yake ambayo mimi nilikuwa nayachekea.

"Mwanzo uko wapi, Rama?"

Nikamwambia. Kopo, Alhamisi, karatasi ya daftari, Temeke. Nikamwambia na kule kucheka kwangu mlangoni. Nilitegemea anilaani au aninyanyukie, na ningeona sawa. Shangazi alijifunika uso kwa ushungi wake, hataki kuniona.

Mama akaniambia nirudishe nyuma mpaka mwanzo kabisa. Nikamwambia mama, huko mwanzo hakuna baba, ni mimi tu napiga kelele. Akasema anajua. Akasema salamu zake ziko chini ya hizo kelele, kwa hiyo niweke.

Nikaweka. Mama yangu, ambaye kwa miaka yote hii hajawahi kusikiliza wimbo wangu mmoja mpaka mwisho, alisikiliza ule wote, neno kwa neno, mpaka ile swichi ikakatika na mumewe akaanza kuongea.

Ijumaa iliyofuata alitandika mkeka mwenyewe.

Nimewaambia wale vijana wa tamasha wimbo wa pili na wa tatu wazifute kwenye orodha, na wasiniulize sababu. Wameona kiburi cha wakongwe. Sawa tu.

Nilichojifunza, wakuu, sina namna ya kukipamba. Kama nyumbani mna kaseti za zamani, zisikilizeni mpaka mwisho wa mkanda kabla hamjatupa. Na mzee wenu akisema kuna mgeni alikuja, mtafuteni huyo mgeni kwanza, kumcheka mtamcheka baadaye. Mimi nilicheka kwanza, na nikalipwa makofi kwa kucheka.

Karibuni mchangie. Wa kunitukana anitukane, nitasoma zote. Wenye kaseti za Muscat, za Unguja, za popote, tuambieni mlikuta nini ndani.

Na kuna mtu mmoja namtafuta. Wewe uliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi moja ya Alhamisi na begi lako, ukapita Kinondoni ukampa bibi mmoja kaseti, hukunywa hata maji, ukawahi ndugu zako Kipawa. Kama unapita humu, au mwanao anapita, naomba ujue kwamba ulifikisha. Bibi aliipokea, akaiweka mahali pake.